Kikao Kisichoandikwa

Jumatano ile nililivaa gauni la bluu nikalivua, nikalivaa tena nikalivua, na mama alipoingia chumbani akanikuta nimelishika mkononi kama mtu anayeuza.

"Leo kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Kuna mgeni wa kazi."

Akanitazama kidogo. Kisha akasema jambo akiwa ameshageukia mlango, na mimi neno linalosemwa na mgongo silipati.

Sasa ni miaka minane sisikii. Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipougua homa ya uti wa mgongo. Niliingia hospitali na masikio yangu, nikatoka bila. Sauti ilibaki, kwa hiyo naongea kama mtu yeyote, ila mara nyingine napaza kupita kiasi na kaka yangu hunipungia kiganja chini, kama anayepunguza moto wa jiko. Ya watu nayasoma midomoni. Wanaodhani kusoma midomo ni sawa na kusoma gazeti hawajajaribu. "Baba" na "mama" midomoni ni neno moja. Unakisia, unajumlisha, unatabasamu pale ulipopotea, na jioni kichwa kinakuuma kama cha mtu aliyebeba kuni.

Gauni nikalivaa. Mgeni mwenyewe sikuwahi kumwona, ingawa tulikuwa tumefanya kazi pamoja kwa miaka mitatu.

Nieleze tulivyokutana, maana watu wa nyumbani kwangu hadi leo wanadhani nilimwokota mtandaoni kama kitambulisho kilichodondoka. Yeye ni mwandishi wa programu. Alikuwa ametengeneza kitu ambacho wenzake wanakiita maktaba: rundo la kazi iliyokwisha kufanywa, ambayo mwandishi mwingine yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuifungua, kuichokonoa na kuitia kwenye programu yake. Maktaba yake ilikuwa inageuza sauti ya mtu anayezungumza kuwa maandishi. Shemeji yangu mmoja, naye wa kazi hizohizo, aliahidi kunitengenezea programu ya simu kwa kuitumia. Akahangaika nayo wiki mbili, akaja ameinua mikono. "Shemeji, kitu ni kizuri, lakini hakina maelezo. Aliyekiandika anajisemea mwenyewe."

Mimi kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kusaka makosa kabla kurasa hazijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji. Kurasa mbovu hunipandisha shinikizo la damu. Nikayatafuta hayo maelezo, nikayasoma, nikamwandikia mwenyewe: "Mwongozo wako umeandikwa na mtu anayejua kwa ajili ya mtu anayejua. Sisi wengine umetuacha mlangoni."

Jibu lilikuja siku hiyohiyo. "Basi andika wewe."

Nikaandika. Ukurasa wa kwanza ulinichukua mwezi mzima, kwa sababu kila sentensi nilimuuliza maana yake hadi naye akagundua kwamba nyingine hakuwa anaijua. Baadaye wakaja wengine: muuguzi mmoja, mwalimu mstaafu, fundi wa redio, wanafunzi. Tukafika thelathini na mmoja, wa nchi mbalimbali, tusiolipwa hata shilingi. Nilianzisha ukurasa nilioupa jina "Maswali ya Aibu", wa yale maswali ambayo mgeni anaogopa kuuliza asionekane mjinga. Mwenye maktaba alipinga.

"Watu watatucheka," aliandika.

"Wanaocheka hawahitaji mwongozo."

Mwaka haukuisha, ukurasa huo ukawa unasomwa kuliko kurasa zote. Wenzetu walimwita Fundi. Mimi waliniita Katibu, kwa sababu ya sheria yangu moja ambayo sikukubali ijadiliwe: kila kikao chetu kifanywe kwa maandishi. Hakuna kupigiana simu, hakuna kukutana kwa sauti. Niliwaambia ni kwa faida ya wenye mtandao dhaifu, na ya wale wanaolala sisi tukiwa macho. Yote mawili yalikuwa kweli. La tatu sikulisema.

Huko ndani ya maandishi nilikuwa mtu mzima. Hakuna aliyenisemesha polepole kama mtoto. Nilikuwa nabishana na kufanya utani kwa wakati wake, si dakika tano baada ya wengine kumaliza kucheka. Na Fundi akaanza kuniandikia nje ya kundi. Mwanzo yalikuwa ya kazi. Kisha, "Umeamkaje, Katibu?" Kisha siku moja: "Leo imenyesha tangu asubuhi. Nikajikuta nawaza wewe ungeielezaje mvua kwa mtu asiyewahi kuiona."

Sentensi hiyo niliisoma kazini nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikapitisha makosa manne ukurasa ule.

Aliponiomba namba ya simu nilimpa. "Ila andika tu, usipige. Kazini kwetu kuna makelele." Akasema sawa.

Halafu, wiki sita kabla ya Jumatano hiyo, akapoa. Sijui nisemeje vingine. Akaanza kuandika "Habari za asubuhi" na "Asante kwa marekebisho", kama barua za ofisi ya ardhi. Niliirudia kila sentensi niliyomwandikia nikitafuta kosa langu, mimi ninayelipwa kutafuta makosa, sikuliona. Nyumbani walikula, walicheka, televisheni ilicheza picha zake, na mimi nilikaa katikati yao nikitazama midomo ya watu wanaonipenda bila kupata hata mmoja wa kumwambia. Siku ya Jumapili ukaja ujumbe: "Jumatano nitapita mjini kwenu. Nina jambo la kukukabidhi. Saa sita nitakuwa kiwandani kwenu, ukiniruhusu. Basi langu la kuendelea ni saa kumi."

Nikajibu, "Karibu." Sikuwa na neno refu zaidi.

*

Saa sita mashine zote tatu zilikuwa zinafanya kazi. Nilijua kwa sababu ya sakafu; mtetemo wake hunipanda miguuni. Fundi mitambo wetu, mzee mwenye kofia isiyovuliwa, alinigusa bega na kuonyesha mlangoni kwa kidevu.

Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwandika kichwani, na mwembamba, na begi lake amelikumbatia kifuani kama aliyeambiwa kuna wezi. Akaangaza macho. Akaniona. Midomo yake ikasema, "Katibu?"

Lilikuwa jina langu kwa miaka mitatu na sikuwahi kuliona likisemwa.

"Fundi," nikasema. "Karibu."

Akatega sikio, akatikisa kichwa. Mashine zilikuwa zimemfunika. Akafungua kinywa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, nami nikamwelewa kila neno: safari ilikuwa nzuri, alipotea mara moja, mlinzi wa getini amemtilia shaka. Nikamjibu. Hakusikia. Nikarudia, hakusikia, tukabaki tunacheka. Mahali pale mimi ndiye niliyekuwa mzima na yeye ndiye kiziwi, na nakiri kwamba dakika zile zilinidanganya. Nilianza kuamini kwamba huenda mambo yakawa rahisi.

Nikampeleka stoo ya karatasi, kule nyuma. Mlango ulipofungwa nikaona mabega yake yanashuka, nikajua kumetulia.

"Sasa tunaweza kuongea," akasema. "Umependeza."

"Ahsante. Wewe umekonda."

"Hujawahi kuniona, umejuaje nimekonda?"

"Nilikupangia kilo nyingine."

Akacheka. Akakaa juu ya rimu za karatasi, mimi nikasimama mbele yake ili mwanga wa dirisha umwangukie usoni. Hilo hulifanya bila kufikiri. Akaniambia amepata kazi, kampuni kubwa, safari ya ndege mbili kutoka hapa. Mkataba wa miaka miwili, na ndani yake kuna kifungu kinachomkataza kuandika programu nyingine yoyote, hata ya bure. Kwa hiyo maktaba anaiacha. Amewapa watu watatu ruhusa za juu, za kukubali au kukataa mabadiliko, na wa kwanza ni mimi.

"Mimi siandiki programu," nikasema.

"Wewe unajua kila kipande kinafanya nini na kwa nini. Wanaoandika wapo. Mtu wa kusema hapana ndiye hakuwepo."

"Ungeweza kuniandikia hayo."

"Ningeweza."

Hapo ndipo alipougeuza uso. Aliangalia dirishani, akajikuna kidevu, mkono ukafunika nusu ya mdomo, na akasema sentensi fupi. Niliiona kwa pembeni. Nimekuja kukuoa.

Ndivyo nilivyoona. Nilishika rafu.

"Bila hata kuzungumza na mama yangu?" nikasema.

Akanigeukia, amekunja uso. "Mama yako? Nilishazungumza naye."

"Lini?"

"Wiki sita zilizopita. Nilipiga simu, ingawa ulinikataza, akapokea yeye."

Simu yangu huiacha jikoni ninapooga, ilikuwa inawezekana. Moyo wangu ulikuwa unakimbia mbele yangu na mimi naufuata. Kumbe alikuwa kimya kwa sababu alikuwa anapitia njia ya heshima. Kumbe mama alijua.

"Na akakubali?"

"Akubali nini?"

"Unioe."

Nimeona nyuso nyingi katika miaka minane, kwa kuwa nyuso ndizo masikio yangu. Ule sitausahau. Haukuwa na dharau. Ulikuwa na huruma iliyochanganyika na kutoelewa kabisa. Akasimama. Akasema taratibu, sasa ananitazama:

"Nimesema nimekuja kukuaga."

Kukuaga. Nilitamani rimu zile zote ziniangukie.

"Mama yako aliniambia umeposwa," akaendelea. "Aliniambia nisikusumbue, harusi iko karibu. Nikaheshimu. Nimekuja kukuaga na kuondoka. Katibu, umesikiaje kuoa?"

Ningeweza kusema nilikuwa natania. Nilishawahi kujiokoa hivyo mara elfu na watu wengine.

"Sikusikia," nikasema. "Mimi sisikii. Si leo. Miaka minane sisikii kitu chochote. Uligeuza uso, nikakisia, nikakosea."

Akanitazama masikio, kama wote wanavyofanya, utadhani kuna kibandiko. Kisha nikaona anarudi nyuma akilini, kikao baada ya kikao.

"Kila kikao kiandikwe," akasema.

"Ndiyo."

"Makelele ya kazini."

"Yapo. Umeyaona."

"Miaka mitatu." Sasa alikuwa anazungumza haraka na ilinibidi nimkazie macho. "Nimetengeneza kitu cha watu wasiosikia. Nimeuliza kwenye kundi sijui mara ngapi, jamani, nani hapa anakitumia kweli, aniambie panapouma. Na wewe ukawa unanijibu, 'Watumiaji wanasema hivi, watumiaji wanapata taabu ile.' Watumiaji. Kumbe ni wewe."

"Majibu hayakuwa sahihi?"

"Yalikuwa sahihi kuliko yote. Ndiyo maana nina hasira."

"Nilitaka mahali pamoja ambapo mtu hanionei huruma."

"Na uliona mimi nitakuonea huruma? Unanijua kwa maneno laki ngapi, na bado ukanipima hivyo?"

"Na wewe je?" Nilijua nimepaza sauti, niliihisi kifuani, na sikuishusha. "Uliambiwa nimeposwa, ukanyamaza. Wiki sita unaniandikia kama karani. Hukuweza kuuliza swali moja? Katibu, ni kweli? Maneno matatu tu. Mimi nimejenga ukurasa mzima wa watu wanaoona aibu kuuliza, na wewe mwenye nyumba ukaona aibu."

Alitaka kujibu. Aliniinulia kiganja, akakishusha. Kisha akafanya jambo lililoniumiza kuliko maneno: alianza kuzungumza polepole, akitenganisha kila silabi, mdomo ameupanua, kama anayemlisha mtoto.

"Mi-mi si-ku-ju-a..."

"Usinisemeshe hivyo," nikamkata. "Dakika tano zilizopita ulikuwa unaongea na mtu."

Akachukua begi lake. Mlangoni akasimama, na nadhani alisema kitu, lakini alikuwa amenipa mgongo. Alipokumbuka na kuanza kugeuka, nikafumba macho kwa makusudi. Ndio mlango pekee ninaoweza kuufunga.

Nilipoyafumbua stoo ilikuwa tupu. Sakafu ilitetema chini ya viatu vyangu, mashine zilikuwa zinaendelea.

*

Mama hushona sare za shule nyumbani. Nilimkuta amevuta cherehani dirishani, pini tatu mdomoni. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa meneja kwa kusema naumwa, na haukuwa uongo.

"Mama, toa hizo pini. Nataka kukuona vizuri."

Akazitoa moja moja.

"Nani ameniposa?"

Hakujifanya. Hiyo ni sifa yake, hata akikosea hakuzungushi. Alikiondoa kitambaa mapajani.

"Alikuwa na sauti nzuri," akasema. "Ya heshima. Akasema, shikamoo mama, naomba kuzungumza na Katibu. Sikujua Katibu ni nani. Nilipofahamu, nikajua hajui. Mtu anayejua hapigi simu."

"Ndiyo ukamwambia nimeposwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu angejua siku moja, na akijua angeondoka. Nikaona aondoke kabla hujamzoea."

"Nilikuwa nimemzoea miaka mitatu."

"Mimi ningejuaje? Unacheka na hiyo kompyuta, huniambii unacheka nini."

Kisha akasema, na aliyasema kwa uso ulionyooka, hakuna hata neno moja lililonipotea:

"Unakumbuka siku shangazi yake mpima ardhi alipokuja?"

Nilikumbuka. Mpima ardhi ndiye aliyekuwa mchumba wangu kabla ya ugonjwa. Mwezi wa nne tangu nitoke hospitali, shangazi yake alikuja kutuona. Wakati ule sikuwa nimejifunza midomo. Niliwaletea juisi, nikamwekea shangazi kitambaa mapajani, nikakaa nao saa nzima nikitabasamu. Nilidhani wanapanga tarehe.

"Alikuwa anavunja uchumba," mama akasema. "Na wewe unamwongezea juisi, unamchekea. Sikuweza kukuzuia, sikuweza kukwambia mbele yake. Nilikaa pale nikawa nakutazama. Mwanangu, yule wa simu alipojitambulisha niliiona sebule ile tena. Sikuweza mara ya pili."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Hayakutoka. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha watoto wanaopimwa, magoti yamenifika kifuani.

"Alikuja kuniaga, basi lake ni saa kumi," nikasema. "Mimi nikasikia anataka kunioa. Nikamwambia hivyohivyo usoni."

Mama akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anazuia kicheko, na kicheko kikamshinda, na mimi kikanishinda, tukacheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi peke yake.

Alipojifuta akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na robo. Akainama, akavaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Uongo ni wangu," akasema. "Niufuate mwenyewe."

*

Kituo cha mabasi ya mbali kilikuwa kimejaa. Fundi alikuwa ameketi benchi la mwisho, begi kifuani vilevile. Mama akanitangulia kwa mwendo ambao sikuujua bado anao. Alipofika, Fundi alisimama akamwinamia kwa adabu, na mama akaanza kuzungumza.

Nilifika nyuma yake. Niliona kisogo cha mama, mtandio wake, mikono yake ikienda huku na huku. Niliona uso wa Fundi ukibadilika. Akaitikia kwa kichwa. Akanitazama, akayaondoa macho. Sikupata hata neno. Maisha yangu yalikuwa yanazungumzwa hatua moja mbele yangu na mimi nimesimama nyuma nikiwa na uso wa kutabasamu, tayari kuleta juisi.

"Mama," nikasema. "Geuka."

Watu wawili watatu wakatutazama. Nilikuwa nimepaza.

"Geuka, mama. Yanayonihusu nataka yasemwe nikiyaona."

Mama aligeuka. Alisogea kando, akasimama ili sote watatu tuonane, na akayarudia yote tangu mwanzo, kuanzia simu ile ya wiki sita zilizopita. Yalikuwa magumu zaidi mara ya pili; midomo ilimtetemeka na ikabidi nimwombe arudie neno moja. Lilikuwa neno "nisamehe". Alikuwa ananiambia mimi.

Kisha akamgeukia Fundi. "Nimemaliza. Mkataba wako mimi siujui, na umri wa kupangiwa mume huyu ameupita. Sitaki tena kumjibia." Akaenda kukaa benchi la jirani, akafungua mkoba wake na kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Mpiga debe alipita kati yetu na tiketi mkononi.

"Nilikukosea pale mwisho," Fundi akasema. Alisema kwa mwendo wake wa kawaida. "Nilivyokusemesha."

"Ndiyo. Nami nilikuficha. Hilo halikuwa dogo, nalijua."

"Bado nina hasira."

"Kaa nazo. Hasira hazinitishi. Kinachonitisha ni ile 'Asante kwa marekebisho'."

Akatabasamu upande mmoja. "Siwezi kuacha kazi hii. Nimeshasaini. Baba anaumwa, wadogo zangu wananitazama mimi."

"Sijakuomba uiache."

"Hujaniomba kitu chochote. Hata kukaa."

"Kukaa huwezi. Niombe nini?"

Ningekuwa natunga, hapo angeniambia maneno ambayo msomaji angeyakata na kuyaweka kwenye pochi. Alichofanya ni kutoa kalamu ndani ya begi, akaandika namba ya chumba na mtaa wa huko aendako nyuma ya tiketi ya basi la asubuhi, akanipa. Vidole vyetu vilikutana kwenye karatasi ndogo ile, vikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko uliohitajika. Kisha basi likawasha taa na watu wote wakasogea mlangoni.

Alipata kiti cha dirishani, upande wetu. Kioo kilikuwa cha vile visivyofunguka. Chini yake waagaji walijipanga, wanapunga mikono, wanapaza sauti. Nilimwona mwanamke mmoja akimwambia mwanawe jambo mara tatu na mwana akitikisa kichwa kwamba hasikii kitu.

Fundi akaweka paji la uso karibu na kioo na akaanza kuzungumza nami.

Hakupanua mdomo, hakukata silabi. Alizungumza kama mtu anayeongea na mwenzake chumbani, na akaendelea hata dereva alipolirudisha basi nyuma, na mimi nikalifuata pembeni, hatua kwa hatua, macho yangu yasitoke midomoni mwake, nikigongana na mizigo ya watu. Nilipata yote. Palipokuwa na neno nisilolipata nilitikisa kichwa, akalirudia. Nilipomjibu, sikujua kama ameelewa, na sikujua nimetumia sauti au la. Basi likapinda getini, jua likapiga kioo, uso wake ukapotea ndani ya mwanga.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama, mkoba kifuani. Niliketi. Akaketi. Mahali palipokuwa na basi pamebaki mafuta sakafuni na ganda la tikiti. Miaka miwili ni siku mia saba na thelathini. Nilizipiga hesabu pale pale bila kutaka.

Mama akanigusa mkono ili nimtazame.

"Amesema nini?" akauliza.

Tangu nitoke hospitali, ni mimi niliyekuwa nikimuuliza swali hilo, kwenye misiba, kwenye harusi, kwa daktari, mezani.

"Amesema bado ana hasira," nikamwambia. "Amesema ataandika akifika, na nisimjibu kama Katibu."

"Na mengine? Midomo imecheza muda mrefu."

Msafishaji alikuwa amefika kwetu na fagio lake refu. Tukanyanyua miguu, akapitisha, tukaishusha.

"Mengine ni yangu, mama," nikasema.